Mgongo wa Twaha

Twaha nilimwona mara nne tu akiwa hai, na mara ya tano nilimwosha. Naandika haya kwa sababu sauti yake imeanza kunitoka, na sitaki mengine nayo yanitoke.

Ilikuwa Machi 2011. Bwana Iqbal alinipigia simu nikiwa kazini uwanja wa ndege, ninakopakia mizigo. "Almas, kesho baada ya adhuhuri tuna maiti. Ni kijana wa Bi Mwanahawa." Hakueleza zaidi. Waswahili wote wa Toronto walikuwa wamekwisha kusikia. Kijana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Tanga, aliyekulia mtaa wa St. James Town, alipigwa risasi na polisi nyuma ya ghorofa la mama yake, saa kumi alasiri. Redio ilisema alimjia askari na kisu mkononi.

Iqbal ni Muhindi wa Moshi. Ana duka la miwani, na ndiye aliyenifundisha kuosha. Tulikuwa tumeosha pamoja miaka sita katika chumba cha chini cha msikiti. Mwanzoni alikuwa akinitania, "Taratibu, Almas, huyu si mzigo wa ndege." Kanuni aliyonipa siku ya kwanza ni moja: unachokiona juu ya meza hii unakizika pamoja na mwenyewe. Kidonda, kilema, mchoro kwenye ngozi, uso uliokunjamana. Maiti hawezi kujisitiri, kwa hiyo wewe ndiye stara yake.

Siku ile hakutania. Tulimfunika Twaha kitambaa kutoka kitovuni hadi magotini. Kifuani alikuwa na mshono mrefu wa madaktari waliomchunguza, mnene kama wa gunia. Nilipokuwa nikimmwagia maji yaliyotiwa majani ya mkunazi nilitafuta risasi zilikoingilia. Kifua, tumbo, shingo, mikono. Hamna. Iqbal akasema, "Mgeuze," nikamlaza ubavu, nikamwegemeza kwangu.

Mgongoni kulikuwa na matundu matatu. Moja chini ya mfupa wa bega la kushoto, moja karibu na uti wa mgongo, moja juu kidogo ya kiuno. Yalikuwa madogo, ya mviringo, kila moja lingezibwa kwa ncha ya kidole cha mwisho.

Iqbal aliyaona. Najua aliyaona kwa sababu mpira wa maji ulibaki umeelekea mahali pamoja mpaka maji yakafurika, yakatuingia viatuni. Halafu alichukua pamba akaziba la kwanza, la pili, la tatu.

"Endelea," akasema.

Mama yake alipoletwa tulikuwa tumekwisha kufunga sanda. Tulimfunulia uso tu. Alimbusu kwenye paji, kisha akatutazama, mimi kwanza, halafu Iqbal. Niliinama kuokota mkasi ambao haukuwa umeanguka.

Wiki zilizofuata mji ulibishana juu ya Twaha kana kwamba kila mtu alikuwapo. Redioni mmoja alisema askari naye ana watoto wanaomngoja nyumbani. Mwingine akasema angekuwa kijana mweupe angeongeleshwa kwanza, na mtangazaji akamkatisha. Mkubwa mmoja wa polisi akasema watu wasihukumu kabla uchunguzi haujaisha. Uchunguzi wenyewe ulikuwa wa kitengo cha pembeni, nje ya polisi, na ripoti zao siku zile raia hawakuwa wakionyeshwa. Nilimkuta binti yangu akisoma maoni ya watu kwenye kompyuta. Nilipomuuliza wanasemaje, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hayanifai, akaifunga.

Kwenye basi mama mmoja alimwambia mwenzake, "Mtu hapigwi risasi bure." Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika bomba. Nilikuwa na neno la kumnyamazisha. Nililimeza, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Nilikuwa naogopa, na sina sababu ya kuficha. Tulikuwa tumeomba uraia, tunangoja barua. Mke wangu Rukia nilimweleza yale matundu, kwa sababu nilikuwa naamka nikipapasa mgongo wake.

Aprili polisi walinisimamisha. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, nimesimama kituo cha basi Malton, mtaa tunaokaa, saa nane mchana, na sare ya kazi mwilini. Gari la polisi likapita, likarudi nyuma, likasimama. Askari kijana, mpole. Aliuliza jina, ninakaa wapi, natoka wapi, nakwenda wapi, nafahamiana na nani mtaa huu. Aliandika kila kitu kwenye kadi, hata urefu wangu na rangi yangu. Akanitakia siku njema.

Nilishindwa kupanda basi lililofuata. Alikuwa amekuja kwa ajili ya Twaha? Au lilikuwa jambo la kila siku, kama mara kumi zilizotangulia? Nilijaribu kukumbuka kama alitaja msikiti. Hakutaja. Kwa nini hakutaja? Ndivyo nilivyokuwa siku zile: mtu akinyamaza naogopa, akisema naogopa.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa Iqbal. Alikuwa peke yake, anafuta vioo vya miwani kwa kitambaa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kile tulichokiona."

"Tulikizika."

"Wanasema alimjia askari."

"Nasikia redio, Almas. Mimi si kiziwi."

"Sasa mtu atakujiaje kwa mgongo?"

Aliweka miwani chini. "Nisikilize. Miaka ishirini na mbili naosha watu hapa. Wamo walevi, wamo waliojinyonga, wamo niliowakuta na mambo ambayo wake zao hawajui. Watu wananiletea baba zao kwa sababu wanajua mdomo wangu. Siku nikianza kusema, nani atatuletea maiti wake?"

Alisema kweli.

"Na wewe una uraia unaungoja," akaongeza. "Kaa kimya, ndugu yangu. Mimi nakutakia heri."

"Wewe polisi wamekusimamisha mara ngapi?"

"Mara moja. Taa ya nyuma ya gari ilikufa."

"Mimi mara kumi na moja. Na gari sina."

Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Usinitazame hivyo. Si mimi niliyempiga."

"Sijasema ni wewe."

"Lakini unanitazama."

Nilitoka bila kumuaga vizuri, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Jumapili Bi Mwanahawa alikuja Malton kwa mabasi matatu. Rukia alimkaribisha, akamwekea chai na mikate ya kumimina. Hakugusa. Alikuwa amekonda, mtandio unamwanguka mabegani. Ndege zilikuwa zikipita juu ya ghorofa letu, na kila ilipopita moja tulinyamaza tukingoja iishe.

"Kaka Almas," akasema, "Alhamisi saa nne wachunguzi wananiita. Wakili anasema ni mara ya mwisho kabla hawajafunga jalada. Watanieleza wao walivyoona, kisha wataniuliza kama nina la kusema. Niseme nini? Wao wana karatasi ya daktari, mimi hawajanipa. Nyinyi mna macho."

Nilitazama sakafu. "Dada, sisi waoshaji tuna kanuni."

"Naijua. Mama yangu alikuwa mwoshaji Tanga. Aliniambia unasitiri aibu ya maiti." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwanangu alifanya aibu gani? Kisu kile ni cha kukatia makatoni, anafanya kazi stoo ya duka. Kama alikwenda kwa askari na kisu, niambie, nitanyamaza, nitaomba radhi. Kama sivyo, unamsitiri nani?"

Nilijaribu kusema. Naapa nilijaribu. Nilifungua mdomo, pumzi ikatoka bila neno. Nilimwona yule askari mpole na kadi yake, niliona barua ya uraia ikirudi imekataliwa, nikamwona binti yangu anaulizwa shuleni baba yako yuko wapi.

Bi Mwanahawa akainuka. Nilidhani anaondoka. Badala yake alikivuta kiti katikati ya chumba, akakikalia kinyume, kifua kwenye egemeo, mgongo kwetu. Akaushusha mtandio mpaka kiunoni. Alikuwa na gauni la kijivu.

"Kama huwezi kusema, onyesha," akasema. "Rukia, mdogo wangu, njoo. Yeye si maharimu wangu, hatanigusa. Wewe utanigusa, yeye akuelekeze."

Rukia alinitazama. Sijawahi kumwona na uso ule. Akasogea, akakaza kidole cha shahada, akangoja.

"Kushoto," nikasema. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Chini ya mfupa wa bega. Shusha. Hapo."

Rukia akagusa. Bi Mwanahawa akashtuka kama aliyeguswa na barafu, kisha akatulia.

"Moja," akasema.

"Karibu na uti wa mgongo. Kulia kidogo. Hapo."

"Mbili."

"Juu ya kiuno."

Kidole cha Rukia kilipofika pale, Bi Mwanahawa akauliza, "Na mbele?"

"Mbele hakuna hata moja. Kulikuwa na mshono wa madaktari tu."

Ndege ikapita. Ilipokwisha, akasema polepole, kama anayesoma, "Askari walikuwa upande wa barabara. Mlango wetu uko upande wa pili." Akainamisha kichwa juu ya egemeo la kiti. "Alikuwa anakuja kwangu."

Rukia alimkumbatia kutoka nyuma, akaziba zile sehemu tatu kwa kifua chake, wakakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki.

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni hakunisihi. Alisema tu, "Alhamisi saa nne," akanitajia mtaa.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo cha Twaha, afadhali niseme mapema, asije mtu akangoja hilo. Na Iqbal hakuniita tena kuosha. Simlaumu. Lakini Alhamisi nilikwenda. Niliomba ruhusa kazini nikadanganya kwamba naumwa jino, na kwa kweli taya zote zilikuwa zinaniuma kwa jinsi nilivyokuwa nimezikaza tangu alfajiri.

Ofisi ilikuwa na joto kupita kiasi. Wachunguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Bi Mwanahawa alikaa kulia kwangu na wakili wake. Mwanamume aliniuliza kama mimi ni daktari. Nikasema hapana, napakia mizigo. Aliniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikasema kidato cha nne. Akaniuliza kama nina hakika nilichokiona ni matundu ya risasi. Nikamwambia nilimshika mwenyewe, uzito wake wote ulikuwa mikononi mwangu.

Alinisukumia karatasi yenye mchoro wa mtu, mbele upande mmoja, mgongo upande wa pili, na kalamu. Nitie alama.

Mkono ulitetemeka vibaya, ikabidi niukamate kwa mwingine. La kwanza likakaa mahali pake. La pili pia. La tatu kalamu iliteleza, alama ikaangukia pajani.

"Inatosha," yule mwanamume akasema, akanyoosha mkono kuichukua. "Tumeelewa."

Nikaikandamiza karatasi kwa kiganja. Nilikuwa naogopa, na Kiingereza changu chote kilikuwa kimekimbia, ila maneno machache.

"Nipe nyingine," nikamwambia. "Pajani hakupigwa."