Mkonga wa Chama cha Kuzikana

Jumamosi asubuhi Masoud aliegesha Landkruza ya chama mbele ya duka la vipuri la Lusungu, pale mtaa wa Gerezani, tairi mbili zikiwa juu ya mtaro kwa kukosa nafasi. Akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango Bibi Noor, ambaye alikaa kiti cha mbele kwa sababu ya umri. Bibi Noor alikuwa amefariki masika yaliyopita. Alivaa baibui lake jeusi juu ya sanda, maana alisema hawezi kwenda Gerezani na sanda tupu, watu wakamwona hana stara. Kiti cha nyuma alikuwepo Mwalimu Demetria, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Mtaa wa Mikoroshini, Temeke, mkoba wake mapajani.

"Shikamoo Bibi," alisema Lusungu, akijifuta mikono yenye grisi.

"Marahaba. Tumekuja kuchagua mkonga."

Mkonga ni lile bomba linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele mpaka juu ya paa, ili gari livute hewa huko juu wakati maji yako chini. Dar nzima inalijua gari lenye mkonga. Mwenye nalo hata akinyamaza, mkonga unamsemea.

Na Mikoroshini ilikuwa na haja ya kusemewa. Mtaa uko bondeni. Masika yakija, njia pekee ya kutokea hujaa maji pale inapopita kando ya godauni kubwa la bluu, na watu hukaa ndani kama kuku tengani. Bibi Noor alifia katikati ya mvua hizo. Maiti haikawizwi, kila mtu anajua, lakini yeye alilazwa sebuleni siku mbili, juu ya mabenchi ya madrasa, maji yakipita chini yake, na barafu ya muuza juisi ubavuni. Majirani walifanya walichoweza. Aibu iliwakaa hata hivyo.

Marehemu mwenyewe hakuisahau. Katika uhai wake alikuwa mtu wa kungojwa. Harusi hazikuanza mpaka afike, biriani halikufunuliwa mpaka aseme. Sembuse mazishi yake mwenyewe! Basi kila baada ya alasiri alikuwa akirudi nyumbani, anakaa kitandani kwa mumewe, Mzee Muhannad, ambaye moyo ulikuwa ukimsumbua, na kumwambia maneno yale yale.

"Wewe hutolala sebuleni. Siku utakayokufa ndiyo siku utakayozikwa, ubavuni kwangu."

"Inshallah," alijibu Mzee Muhannad, aliyeuza vitambaa maisha yake yote na hakuwa mbishi. "Hebu niinulie huo mto."

Ndiyo sababu chama kikanunua Landkruza, na ndiyo sababu Bibi Noor hakukubali mtu mwingine achague mkonga.

Lusungu aliwatolea mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa plastiki nyeusi, mpya, unang'aa, mdomo mpana. Masoud, mwenye duka la sabuni na ugonjwa wa kupenda vinavyong'aa, aliupenda papo hapo.

"Bibi, huu hapa! Tukipita na huu, Temeke nzima itatupisha."

"Sie tunataka maji ndiyo yatupishe," alisema Bibi Noor.

Aliweka kiganja kwenye kiungo cha bomba, akamwambia Lusungu apulize kutoka upande wa pili. Kisha akatikisa kichwa. "Unavuja. Pumzi inapotokea ndipo maji yatakapoingilia. Weka pembeni."

Wa pili ulikuwa umetolewa kwenye gari la watalii. Bibi Noor aliunusa. "Huu umezoea jua na vumbi. Ukiona maji utashtuka."

Wa tatu Lusungu aliuchomelea mwenyewe, wa chuma, haujapakwa rangi, kiungo kimoja tu, mdomo umegeuziwa nyuma usinywe mvua. Bibi Noor aliutegea sikio. Lusungu akazima redio. Mtu aliyekwisha kuacha kupumua anaijua hewa kuliko sie tunaoivuta bure, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha.

"Huu," alisema mwishowe. "Uongeze dhiraa moja juu ya paa."

"Dhiraa nzima, Bibi? Si utakuwa mnara huo?"

"Mie nimelala siku mbili naangalia ukutani maji yalipofika. Wewe ulikuwa wapi?"

Lusungu akawasha mashine ya kuchomea. Alipouliza malipo anamdai nani, Bibi Noor alimwelekeza kwa Mwalimu. "Sanda haina mfuko," alisema.

Gari liliporudi mtaani wanawake walipiga vigelegele. Wanaume walizunguka, wakaugonga mkonga kwa vidole, wakaangaliana na kutikisa vichwa kwa kustaajabu. Mzee Muhannad alitolewa nje na kiti chake akautazama mpaka shingo ikamuuma.

"Mzuri," alisema. "Mke wangu hajawahi kuchagua kibaya."

"Ndiyo maana nilikubali posa yako," alisema Bibi Noor, na watu wote wakacheka, wazima na yeye.

Mzee Muhannad alifariki masika yaliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, mvua ikinyesha kwa fujo. Kulipopambazuka njia ilikuwa imeshafungwa. Safari hii hakuna aliyetafuta barafu. Walimwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakaliweka jeneza nyuma ya gari na wabebaji wanne kandokando. Wanawake hawafuati jeneza, lakini Bibi Noor alikuwa anarudi kwake, basi akakaa mbele. Mwalimu Demetria alibaki kizingitini, kanga mbili kiunoni, akaligonga gari ubavuni kwa kiganja. "Nendeni," alisema, kwa fahari na kwa kilio.

Penye godauni gari likaingia majini, kwanza magurudumu, kisha taa, kisha kioo, kisha paa. Nje ukabaki mkonga peke yake, ukienda taratibu juu ya maji bila kuyumba. Masoud aliacha waipa zikicheza, kwa mazoea tu. Ndani hakukuingia hata tone. Mkonga ulivuta hewa, ukaipa injini kwanza, ukawapa wabebaji, ukampa Masoud, na marehemu naye akapewa fungu lake, ambalo hakulitumia.

Desturi ni kwamba jeneza likipita wanaume hupokezana kulitia bega. Bega halikuweza kufika huko chini. Basi wanaume wa Mikoroshini walijipanga kandoni mwa njia, wengine majini mpaka shingoni, wengine juu ya kuta, na mkonga ulipopita kila mmoja alinyoosha mkono akaugusa. "La ilaha illallah," walisema. Wakristo nao waligusa, wakasema yao. Walioshika wanasema chuma kilikuwa na vuguvugu kama paji la mtoto.

Huko chini taa za gari zilimulika kalavati. Ndilo lililojengwa tangu zamani kupitisha maji chini ya barabara mpaka mtoni, na mtaa ulidhani limezibwa na takataka. Halikuwa na takataka. Mdomo wake ulikuwa umejengewa tofali, ukapigwa plasta, ukapakwa rangi ya bluu kama ya godauni. Aliyelijenga alikuwa fundi hodari, hakukuwa na ufa.

"Masoud, simama kidogo," alisema Bibi Noor.

Masoud akakanyaga breki. Bibi Noor aliutazama ule ukuta.

"Kumbe nilifungiwa mlango," alisema. "Haya, twende. Mume wangu anangojwa."

Mzee Muhannad alizikwa kabla ya adhuhuri, siku ile ile aliyokufa, ubavuni kwa mkewe. Mitaa ya jirani ilipata habari, ikaja kuutazama mkonga, na Mikoroshini ikatembea kifua mbele wiki nzima.

Mwalimu Demetria yeye alikuwa na hasira. Maji yalipokauka alimleta afisa wa manispaa mpaka penye kalavati, akamwonyesha tofali, plasta na rangi. Afisa aliinama, akatazama, akasema ni kweli limezibwa. Kisha akaomba kuuona huo mkonga unaosifiwa. Aliugusa, akapiga nao picha, upande wa kushoto na upande wa kulia.

"Mama, mitaa mingine inakuja kulia lia ofisini," alisema. "Nyie mmejiongeza! Hongereni sana."

"Na ukuta?"

"Ukuta ni wa mwekezaji, una taratibu zake. Ingekuwa hampiti, hapo ingekuwa dharura. Lakini si mnapita?"

Mwalimu Demetria, aliyefundisha watoto kujibu maswali kwa miaka mingi, alirudi nyumbani na swali hilo, na lilimuuma kuliko ukuta. Cheti cha pongezi kililetwa baada ya muda, chenye fremu. Masoud alikitundika dukani kwake juu ya sabuni. Bibi Noor alikisoma mwanzo mpaka mwisho, akauliza kama kinapitisha maji.

Kabla ya masika mengine mwenye godauni alimwaga zege ua mzima na kuanza kuongeza safu za tofali kwenye ukuta wake. Maji yangepanda zaidi, basi Jumamosi Landkruza ikarudi Gerezani. Mbele alikaa Mzee Muhannad, maana sasa yeye ndiye mkubwa, na Bibi Noor alikuwa nyuma na Mwalimu, akimwambia Masoud lini abadilishe gia. Mzee Muhannad aliutaka ule wa plastiki unaong'aa. Mkewe alimwachia aushikeshike, kisha akamgeukia Lusungu.

"Dhiraa nyingine."

"Bibi, mkonga mrefu hivyo hakuna Dar nzima."

"Utakuwepo leo," alisema Bibi Noor, na hata Mwalimu Demetria akajikuta anatabasamu.

Waliporudi, mkonga uliinama wenyewe kupita chini ya nyaya za umeme, ukasimama tena. Penye godauni la bluu askari wa getini aliuona tangu mbali. Akanyanyuka kwenye kiti chake, akapiga saluti. "Hongereni, wazee wangu!" alipaza sauti. Masoud akajibu kwa honi. Bibi Noor na Mzee Muhannad wakainua mikono, kwani salamu haikataliwi.

Mwalimu Demetria alikuwa anatazama nyuma ya askari, ambako mafundi wawili walikuwa wanapanga tofali, kwa ustadi ule ule, bila kuacha ufa.