Sura Isiyo na Onyo

Fundi cherehani alikuwa na siri ambayo hata shangazi yake, waliyeshona naye duka moja, aliijua nusunusu. Alikuwa akiiendeleza kivyake tamthilia ya televisheni, ile ya nesi na mumewe dereva, akiwawekea wasomaji mtandaoni sura baada ya sura. Na adabu ya kazi alikuwa nayo. Juu ya kila sura aliandika onyo: humu mna kipigo, humu mna kifo. Asiyeweza, apite.

Isipokuwa sura ya jana. Jana nesi alikufa akijifungua, na fundi, kwa uroho wake wa kuwaliza watu, onyo hakuliweka. Si utamu ungeisha? Na walilia kweli! Leo tangu asubuhi anasoma pongezi na matusi, anacheka peke yake.

"Wewe na watu wako wa hewani," shangazi alimtania. "Hilo gauni litajishona?"

Ndipo ukaingia ujumbe wa msomaji wake wa tangu sura ya kwanza, aliyejiita Mpenda Nesi.

"Dada, nimelazwa. Saa nane napasuliwa, mtoto amekaa vibaya. Naogopa, sikufichi. Sura yako nimeiweka niisome kabla hawajanichukua. Nimechungulia juu tu, hakuna onyo la kifo. Mungu akubariki."

Fundi aliinua macho. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro robo.

"Usisome!" aliandika. Kimya. Ampigie? Namba hana. Jina hajui, mji hajui, hospitali ndiyo kabisa.

"Shangazi, nimeua mtu."

Shangazi aliondoa mguu kwenye cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika. "Onyo la maneno matatu tu, mwanangu. Ungepungukiwa na nini?"

Simu ikalia: ujumbe.

"Nimeshasoma, dada. Pale alipofumba macho nilishtuka, roho ikataka kutoka. Halafu nikakumbuka hukuweka onyo, na wewe hujawahi kutudanganya. Kwa hiyo amezimia tu. Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Niambie haraka, ataamka, sivyo?"

Fundi aliandika, "Ataamka." Alama ilionyesha ujumbe umefika. Haikuonyesha umesomwa.

Akalisukuma gauni la watu pembeni, akaanza sura mpya pale pale juu ya meza ya kukatia, machozi yakimdondokea kwenye simu. Shangazi akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake.

"Na mtoto je?"

"Mzima."

"Basi andika. Andika upesi."

Ilipotimu saa tisa na nusu, nesi alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha, na ule ujumbe ulikuwa bado haujasomwa.