Kiti cha Mtu Mfupi

Nyayo zangu zote mbili zilikanyaga sakafu. Si ncha za vidole, si kisigino kimoja kinachotapatapa kutafuta ardhi. Nyayo nzima, kushoto na kulia, zilitulia juu ya saruji iliyolowa mafuta katika gereji ya Learco. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu theluji iyeyuke milimani nilikuwa nimejaribu pikipiki za kila duka kutoka mji wa Faenza hadi mji wa Forlì, zote zikaniacha nimening'inia kama nguo kwenye kamba. Nilicheka kwa sauti. Learco naye alicheka, mikono kiunoni, tumbo limetangulia.

"Si nilikwambia, Ombretta?" alisema. "Hao wa madukani wanakusomea karatasi tu, kiti kina urefu huu, kiti kina urefu ule. Upana je? Kiti kipana kinakutanua mapaja, miguu yote inaishia pembeni. Na uzito? Andunje kama wewe ukipewa treni yenye magurudumu mawili, ikiinama kidogo tu mnalala chini wote."

"Hata wewe si mrefu, mjomba. Ni vile tumbo linakusimamisha."

"Tumbo hili lina adabu kuliko mdomo wako!"

Nilikuwa nimekwenda kwake kwa siri. Mama alikwisha kutamka, tena mbele ya Bibi, kwamba siku pikipiki itakapoingia katika ua wetu, yeye atatoka na sanduku lake. Mama hakuwa mtu wa vitisho, kwa hiyo nilimwamini. Lakini niliitaka pikipiki kwa namna ambayo sikuweza kuieleza, na nilikuwa nimejiambia kwamba kwanza nitafute inayonitosha, halafu ndipo nitafute maneno ya kumwambia Mama.

Ile niliyokuwa nimeikalia ilikuwa pikipiki aina ya Morini, kuukuu, nyepesi, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Learco aliivuta kutoka chini ya turubai nyuma kabisa ya gereji, baada ya nyingine tatu kunishinda. Tangi lake jekundu lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni kushoto.

"Kiti hiki nilikikata mimi mwenyewe," alisema, akikipapasa. "Nilitoa sponji vidole vinne, nikakichonga hapa mbele kiwe chembamba. Nikashusha springi za nyuma. Nikasogeza na kishikio cha klachi, kimfae mwenye kiganja kidogo. Oriano alisimama hapo mlangoni wiki nzima akinisumbua. Bado, Learco, bado, miguu haijafika!"

Oriano alikuwa baba yangu. Alikufa kwa pikipiki nilipokuwa na miaka mitano, na alikuwa mrefu kiasi kwamba koti lake, lililokuwa bado kabatini kwetu, lilinifika kwenye vifundo vya miguu.

"Miguu ya nani?" niliuliza.

Learco alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Ya mama yako, ya nani tena? Pikipiki si ilikuwa ya Nives! Baba yako twiga yule angeikalia vipi? Magoti yangemgonga kidevu. Yeye siku zote alipanda nyu..."

Niliona rangi ikimtoka usoni, kuanzia mashavuni kwenda juu.

"Mtoto wee," alisema polepole. "Nilidhani wamekwambia. Umekuja mwenyewe kutafuta pikipiki, mimi nikadhani wamekwambia."

Mikono yangu ilikuwa bado juu ya usukani na sikuweza kuiondoa. Sikulia, sikupiga kelele. Nilitazama tu vile viatu vyangu vilivyokanyaga chini vizuri namna ile, nikatamani vingekuwa vinaning'inia.

Kwetu bondeni kila mtu aliijua habari ya kifo cha Oriano, na wote waliijua kwa namna moja. Alipanda mlima wa Muraglione na mkewe nyuma yake, akakimbia kama mwendawazimu, akaingia kwenye kokoto katika kona, akajibamiza ukutani. Mkewe alivunjika mguu, akabaki akichechemea. Polisi waliandika hivyo, padri alihubiri hivyo, na wazee wa baa walitikisa vichwa hivyo hivyo. Miaka ile nani angefikiria mwanamke kashika usukani na mumewe kamshika kiuno? Hakuna aliyeinama kukitazama kiti.

Tena palikuwa na Bibi Argia, mama yake Baba, tuliyekaa naye nyumba moja. Kila Jumapili baada ya misa alitupeleka makaburini. Alipangusa picha ya mwanawe kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja, kisha akamkaripia kwa sauti ya kusikika hadi langoni: "Mpumbavu wewe! Nani alikuwa anakufukuza? Umemwachia mkeo mguu mbovu na mtoto wa kulea! Nani alikuwa anakufukuza?" Wanawake waliokuja na ndoo zao za maji waliguna na kumhurumia. Mama alisimama nyuma na maua, kichwa chini. Nilikua nikiona haya, nikimchukia Bibi kwa ule mdomo wake, na baadaye, lazima niseme, nikimchukia Baba pia. Niliamini alikuwa mtu asiyetujali.

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nakumbuka jikoni. Bibi alikuwa anasukuma unga wa tambi mezani, na Mama amesimama dirishani akichambua mboga. Wote wawili waliniona uso, wakaacha walichokuwa wakisema.

"Nani alikuwa anaendesha?" niliuliza.

"Oriano," Bibi alijibu hapo hapo, hata hajainua macho. "Nani mwingine?"

"Bibi, wewe hukuwepo."

"Oriano, nimekwambia!"

"Mama, acha," Mama alimwambia mkwewe. Aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, mkono mmoja, halafu mwingine, kama anayejiandaa kupokea mgeni. "Ni mimi, Ombretta. Nilikuwa naendesha mimi."

Hofu yangu yote wakati ule haikuwa kwa Mama. Nilimgeukia Bibi upesi. Nilidhani ataanguka, nilidhani nimemuua kikongwe wa watu kwa swali moja. Bibi aliendelea kusukuma unga. Ule mti wa kusukumia ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Aliniambia hospitalini, hata viatu hawajamvua. Alitaka awaambie na polisi. Nikamziba mdomo kwa kiganja hiki." Alikiinua, kimejaa unga. "Nikawaambia mimi kwamba mwanangu aliondoka hapa anaendesha, na hakuwa mtu wa kumwachia mwanamke usukani. Wakaandika. Maiti hafungwi jela, mjukuu wangu. Mama wa mtoto wa miaka mitano anafungwa."

"Na kule makaburini? Kila Jumapili?"

"Watu husahau, halafu wanaanza kuuliza. Ilibidi wasikie."

Nilishika ukingo wa meza. Miaka yote ile alikuwa amesimama mbele ya mwanawe wa pekee, ambaye hakukosa lolote, akimwita mpumbavu mbele za watu. Nilimtazama yule kikongwe mkali aliyekuwa akinipiga vidole kwa mwiko, nikaona sijawahi kumjua.

"Kwa hiyo ulimsamehe Mama," nilisema.

Hapo ndipo aliposimamisha mti. "Nani kasema nimemsamehe?" Alisema bila hasira, na Mama hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua mimi kuliko yote. "Sijamsamehe. Nimemlinda. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye."

Mama alivuta kiti, akakaa, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Nilingoja alie. Badala yake aliniuliza kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka nywele zinanisimama.

"Learco ameitunza?"

"Ndiyo."

"Nilimwambia aitupe." Alitazama mikono yake. "Umeikalia? Miguu ilifika chini?"

"Yote miwili, Mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. "Basi usitafute nyingine. Tuliangushwa na kokoto. Ile haikutukosea kitu." Kisha akaongeza: "Alikuwa anaimba, Ombretta. Huko nyuma yangu. Alikuwa anaimba vibaya sana, na mimi nacheka."

Bibi alirudia kusukuma unga. "Ipakwe rangi nyingine," alisema. "Watu wana macho."

Learco akaipaka kijani. Jumapili iliyofuata Mama na Bibi walitangulia makaburini kwa basi, mimi nikafuata na Morini, taratibu, nikiogopa kila chembe ya mchanga barabarani. Niliwakuta mbele ya picha. Palikuwa bado hapana watu. Bibi aliisogelea ile picha, akaegemeza paji la uso kwenye jiwe, na kwa sauti ambayo sikupata kumsikia nayo kabla alimwambia: "Mtoto wako kaja na pikipiki. Usihofu. Miguu inafika." Kisha nyuma yetu langoni ukasikika ule mlio wa ndoo. Bibi alinyooka, akarudi hatua moja, akavuta pumzi, akamkaripia mwanawe hadi njiwa wakaruka. Mama aliinamisha kichwa. Nami niliinamisha changu.

Leo naweza kuyasimulia haya kwa kuwa Mama naye amelala safu ile ile, na hakuna polisi wa kumfuata huko. Lakini Bibi ndiye aliyetangulia, majira ya baridi ya mwaka wa pili. Jumapili ya kwanza baada ya kumzika makaburi yalijaa, maana kila mtu alikuja kuona kaburi jipya. Mama alisimama na maua yake mahali pake pa siku zote. Wanawake walitutazama. Kimya kilikuwa kirefu mno, na nilimwona mmoja wao, mjane wa mwokaji mikate, akimtazama Mama mguu, halafu akiitazama pikipiki yangu pale langoni, halafu mguu tena.

Niliweka helmeti chini. Nilipangusa picha ya Baba kwa kitambaa cha Bibi, nikamwomba radhi kimoyomoyo, nikarudi nyuma hatua moja.

"Mpumbavu wewe!" nilipaza sauti. "Nani alikuwa anakufukuza?"