Theluji Nyuma ya Soko la Mifugo

Theluji ilikuwa ikianguka kila siku baada ya sala ya Alasiri, kwenye tuta la kifusi ambalo mkandarasi wa barabara alilitelekeza nyuma ya soko la mifugo, Garissa. Haikuanguka penginepo. Hatua mbili tu kutoka pale joto lilikuwa lile lile, na mbuzi walihema chini ya mikokoteni. Chifu alikuja, akaishika, akaandika barua kwamba theluji hii ni ya hapa hapa, akagonga mhuri siku hiyo hiyo. Akina mama wa maziwa ya ngamia wakawa wanazika madumu yao humo ili maziwa yasichachuke.

Sadiyo, binti wa miaka ishirini na minne aliyeuza chai sokoni, ndiye aliyeanza kuteleza. Aling'oa mbao mbili za kitanda, akazipaka mafuta ya kondoo, akazifunga miguuni kwa mipira ya baiskeli. Wengine walijaribu wakang'oka meno. Yeye alishuka wima, jilbabu linapepea, na hakuanguka hata siku moja.

Kinoti, karani wa vitambulisho aliyeletwa kikazi kutoka Meru, alijifunza kwake. Kila jioni alimwita mwalimu.

"Kunja magoti, walaal, ndugu yangu," Sadiyo alimwambia. "Ukijikaza utaanguka."

Asubuhi Sadiyo alipanga foleni kwenye dirisha la Kinoti, mwaka wa sita huo. Aliweka kidole kwenye mashine, na mashine ikasema yale yale: mkimbizi. Alipokuwa na miaka mitano, wakati wa ukame, mama yake alimpeleka kambini Dadaab akamwandikisha ili wapate unga. Unga wenyewe ulikwisha wiki ya tatu.

"Babu yako alizaliwa wapi?" Kinoti aliuliza.

"Balambala, hapa hapa Garissa. Si nilikwambia jana kule kwenye tuta?"

"Tuta ni tuta, mwalimu. Hapa ni ofisini. Faili yako iko Nairobi."

Ikaja barua ya mashindano kutoka nchi ya baridi. Walitaka mtu mmoja, yule wa kasi kuliko wote Garissa. Sokoni hakuna aliyebisha kwamba ni Sadiyo. Lakini safari ilitaka pasipoti, na pasipoti ilitaka kitambulisho, kwa hiyo likaandikwa jina la Kinoti, aliyekuwa wa pili. Sadiyo ilimuuma sana. Hata hivyo aliamka akachemsha chai kama kawaida.

Kinoti akamwomba amsindikize mpaka Nairobi, wamalizie mafunzo njiani. Sadiyo alikubali, maana huko angeuliza faili yake yeye mwenyewe.

Basi lilisimamishwa kwenye kizuizi cha daraja la Tana. Askari alikagua vitambulisho, akafika kwa Sadiyo.

"Sina," alisema Sadiyo.

Askari akamgeukia Kinoti. "Unamjua huyu?"

"Namjua. Ni mwalimu wangu."

"Ni Mkenya?"

Kinoti alitazama mbao zilizokuwa magotini pake.

"Faili haijarudi," alisema.

Askari alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, naye Sadiyo akashuka na mfuko wake. Alisogea chini ya dirisha la Kinoti.

"Ile kona ya mwisho," alimwambia, "egemea kushoto."

Kinoti alimwomba arudie, akaandika kwenye kiganja. Kisha basi likavuka daraja.