Finjani ya Pili

Mashine ya Bi Batuli ilizimika baharini mara tatu mwezi ule, na mara zote lawama nilipewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikichanganya mafuta.

"Mbeyu ametukaanga leo," alisema Nahodha Mangi mara ya tatu, aliporudi kwa kasia huku wavuvi wa diko zima la Kuruwitu wakimcheka. "Moshi ule! Nilikuwa simwoni Kenga, namsikia tu akikohoa."

"Nilikuwa natabasamu, nahodha," akasema Kenga, baharia wake. "Hukuona kwa ajili ya moshi."

Mimi niliinama nikaendelea kupara samaki. Ndivyo nilivyo. Nikisemwa, ulimi hulala.

Bi Batuli hakucheka. Mashua ni yake, mashine ni yake. Kenga alipofungua plagi na kumwonyesha, ilikuwa nyeusi tii, imelowa oili.

"Mwanangu," akaniambia, "mashine hii nimeinunua kwa mahamri ya miaka sita. Kesho ikizima tena, mafuta atachanganya mtu mwingine, na wewe nitakurudisha Ganze kwa mamako. Si kwa ubaya."

Ganze naipenda. Lakini kule kazi yangu ilikuwa kuteka maji, na maji hata punda hubeba. Kuchanganya mafuta ilikuwa kazi ya kwanza niliyopewa kwa sababu ninaijua.

Na kweli ninaijua. Siku tuliyokwenda Kilifi kuinunua mashine, fundi alisema mara moja tu: petroli lita ishirini, oili mililita mia nne. Oili ikipungua, mashine hukauka ikasagika. Ikizidi, hutoa moshi, plagi hulowa, huzima. Bi Batuli alikuwa akibishana bei na Mangi akizungusha propela kwa kidole. Aliyesikiliza ni mimi. Shule niliiachia darasa la tano, lakini mia nne naijua. Nilitafuta chupa ya maji ya nusu lita, nikachora mstari kwa rangi ya kucha, na kila alfajiri nilijaza oili mpaka mstarini. Si juu, si chini.

Ule moshi ulikotoka nilishapajua siku nne nyuma, ila sikuwa na mdomo wa kusema.

Nikishachanganya, mtungi wa mafuta huuweka nyuma ya ukuta wa jiko la Bi Batuli mpaka mashua iwe tayari, kisha mimi hukaa pale kando kukuna nazi ya mbaazi. Mtu asiyesema, watu husahau kwamba ana macho. Siku hiyo alianza Mangi. Aliangalia nyuma na mbele, akatoa kikapuni chupa ya jusi, akamimina oili mtungini. Akaja Kenga na chupa ya dawa ya kikohozi, naye akamimina. Mwisho akaja Bi Batuli mwenyewe na finjani ya kahawa. "Bismillahi," finjani ya kwanza. "Bismillahi," ya pili. Mwaka jana mashine ya jirani ilikauka ikauzwa kama chuma chakavu, na tangu hapo kila mmoja alikuwa akiihurumia hii kwa siri. Ni kama chungu cha arusini: kila apitaye hutia chumvi, na anayesemwa ni mpishi.

Ningewaambiaje? Mangi ni sawa na babu yangu. Bi Batuli ananilisha.

Jioni ile ya onyo la Bi Batuli, walipokuwa barazani, nilivichukua vile vyombo vitatu, nikavijaza maji, nikavipima kwa chupa yangu. Ya jusi, mia mbili. Ya kikohozi, mia. Finjani mbili, mia. Nikajumlisha kwa vidole, nikarudia. Mia nne kamili! Nikavikausha kwa leso, nikavirudisha.

Alfajiri nilijaza petroli lita ishirini. Oili sikutia hata tone. Nikakaa kwenye mbuzi yangu, nikakuna nazi.

Mangi akaja, akamimina. Kenga akaja, akamimina. Bi Batuli akaja na finjani yake. "Bismillahi," akatia ya kwanza. Hapo mteja akamwita kutoka barabarani, anataka mahamri ya shilingi kumi. Akaenda, wala hakurudi.

Kenga akaja kubeba mtungi. Niliuwahi, nikaukumbatia.

"Bado," nikasema.

"Bado nini? Nahodha, njoo uone! Mbeyu haachi mtungi."

Mangi akaja akicheka. "Binti, huo ni mtungi au mchumba?"

"Mwache, nahodha. Pengine mahari imeshalipwa."

Bi Batuli akaja na unga mikononi. "Kuna nini hapa?"

Niliangalia chini, nikauambia mtungi: "Imebaki finjani ya pili."

"Finjani gani?"

"Umetia moja, Bi Batuli. Kila siku hutia mbili."

Mangi akaangua kicheko, akajipiga mapaja. "Kumbe ni wewe! Moshi wote ule, kumbe ni mwenye mali!"

Alicheka mno. Nikasema, "Na chupa ya jusi ni yako, nahodha."

Akasukuma kikapu chake nyuma kwa mguu. Kenga aligeuka ghafla kuitazama bahari.

"Pole na kikohozi, kaka Kenga," nikasema. "Leo mimi sikutia kitu. Oili mliyotia nyinyi, na hiyo finjani moja iliyobaki, ndiyo mia nne."

Bi Batuli akaifuata finjani, akamimina mbele ya kila mtu, kwa sauti: "Bismillahi."

Mangi alivuta kamba mara moja tu. Moshi ukatoka mwembamba kama wa ubani, ukapotea kabla hawajafika mwambani. Adhuhuri walirudi mashine ikinguruma, na Mangi akipiga kelele tangu mbali: "Mpishi yuko wapi?"

Siku hizi vyombo vile vitatu viko kwenye rafu yangu, na mafuta nachanganya mimi, peupe. Lakini kila asubuhi Bi Batuli husimama karibu yangu na finjani mpya.

"Imetosha?"

"Imetosha."

"Tone moja tu, mwanangu?"

"Kunywa kahawa yako, Bi Batuli."

Naye hunywa, macho yake mtungini.