Ndiga za Mwaka wa Maji Mengi

Njaa ya masika haina kelele. Huja mpunga ungali majani, watu wakipalilia shamba la kijani kibichi, na ndani ya nyumba hamna hata pumba. Mwaka ule bonde zima lilikuwa hivyo, lakini kwa Serafina ilizidi. Mto ulifurika mapema ukameza mpunga wake wa kwanza, ikabidi amwage mbegu upya, na hiyo mbegu ya pili ndiyo iliyokuwa chakula. Mumewe, Kasmiri, alikuwa amekwenda kukata mkonge upande wa Kilosa ili apate kodi, na tangu aondoke hakuna aliyeleta habari zake.

Nyumbani walibaki yeye, mama mkwe wake Stefania ambaye miguu ilikuwa imemvimba, na Justa, binti yake mdogo. Mtoto akilia njaa, mama hupata hata nguvu ya kumkaripia. Justa alikuwa ameacha kulia. Alikaa mlangoni akitazama tu. Serafina akaona wazi kwamba asipomtia kitu tumboni, mtoto huyu hataufikia mpunga mpya.

Kuomba aliona haya. Jirani yao, mama Fridolin, alikuwa akipita na jembe begani akisema mwaka huu vyura ndio wenye mashamba, sisi vibarua wao. Serafina alicheka naye, akamwambia kwake bado wanakoroga uji. Mama Fridolin naye akasema hata kwake hawajambo. Wakaagana vizuri, kila mmoja na uongo wake.

Basi akapanda vilimani, akachimba ndiga. Ndiga ni viazi vya porini, na vina sumu. Wazee walivila miaka yote ya shida, ila kwa utaratibu: unamenya, unakata vipande vyembamba, unatia kwenye tenga, unalifunga kijitoni maji yapite juu yake mchana na usiku, yaiondoe sumu yote. Ukishapika, unampa kuku kwanza. Kuku akilala salama, watu wanakula.

Stefania ndiye aliyemfundisha hayo, ila safari hii miguu haikumruhusu kushuka kijitoni. Aliuliza akiwa kitandani.

"Maji yanakimbia, mwanangu?"

"Yamejaa, mama. Yamejaa mpaka kwenye matete."

Bibi akaridhika. Maji tele, kuna ubaya gani? Wala Serafina hakudanganya, alisema alichokiona. Kumbe mto mkubwa ulikuwa umepanda ukaziba mdomo wa kijito, na maji yale yaliyojaa vizuri yalikuwa yamesimama. Tenga lilikaa siku zake zote zinazotakiwa, likilowa ndani ya sumu yake lenyewe.

Kuku hawakuwapo, walikwisha kuliwa. Stefania akasema yeye mzee ndiye atakuwa kuku, akacheka peke yake. Akaletewa sahani. Akamega kipande kidogo sana, kidogo kama cha kumwonjesha mtoto mchanga, kwa sababu alimwona Justa amekaza macho kwenye sahani na hakutaka kumpunguzia. Wakangoja mpaka jua likageuka. Hakuumwa kitu.

Justa akala. Akala kwa mikono miwili, akaomba tena, akaongezwa. Mama yake hakula kwanza, alikuwa anamwangalia anavyotafuna, na moyo wake ukatulia, jambo ambalo halikuwa limetokea siku nyingi.

Kabla ya giza mtoto akasema ulimi umelala. Kisha akatapika, kisha mwili ukakakamaa. Serafina akambeba akakimbia naye kwa Fulgensi, mvuvi mwenye mtumbwi, maana njia ya kwenda hospitali ya masista Ifakara ilikuwa chini ya maji. Fulgensi alishika pondo akasukuma mtumbwi. Walikuwa bado katikati ya matete Serafina alipomwambia arudi.

"Tufike tu, dada," Fulgensi alimwomba. "Tukisha kufika watajua wao."

"Turudi, kaka. Amepoa."

Walimzika kesho yake mahali pa juu, ambapo kaburi halikujaa maji. Stefania aliwaambia watu wote kwamba kosa ni lake, aliuliza vibaya na akaonja vibaya.

Halafu majirani wakaanza kuingia msibani, na hakuna aliyekuja mikono mitupu, kwa sababu msiba ni msiba. Huyu na kibaba cha mchele alichokificha kwa ajili ya mgonjwa wake, yule na kambale mkavu, mwingine na ndizi. Mama Fridolin alileta uwele uliobaki kwake, akaketi karibu na Serafina.

"Mbona hukuniambia, mwenzangu?"

"Nilijua huna."

"Nilikuwa sina," mama Fridolin akasema. "Lakini ningekupa."

Jioni kikapikwa chungu kikubwa kuliko vyote vilivyopikwa mtaa ule tangu mvua zianze. Serafina akageuza uso. Stefania akajikokota mpaka alipo, akafinyanga tonge la wali, akamtia mwenyewe kinywani kama anayemlisha mtoto.

Serafina akatafuna. Wali ulikuwa mtamu. Tumbo lake, lisilojua kitu, likafurahi na kutaka tena, na hapo ndipo alipolia.