Hidrojeni ya Kétsia

Mashine niliizima mimi mwenyewe, tena nikajisifu. Sisi watu wa Kashebere tuna desturi moja tangu vita vianze: risasi ikilia, kila mtu anabeba cha thamani na kuingia porini. Basi nikachomoa kompyuta ya Kétsia, binti wa marehemu dada yangu, nikaifunga kwenye kitenge na kukimbia nayo. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa zamani. Niliokoa mashine, hesabu ya siku tatu ikapotea.

"Mama mudogo, umeniua," alisema, akalia. Mimi nililia kwa hasira.

Hesabu yenyewe alinieleza dukani kwangu. Kuna unga wa metali uliobeba hidrojeni ndani yake. Ukiutia majini, gesi inatoka, na gesi hiyo inaweza kuendesha friji ya chanjo kwenye zahanati kule Ntoto. Lakini kila chembe huota ganda, na ganda likifunga, gesi inakwama. Itatoka kiasi gani kabla ya hapo? Maabara hana, kwa hiyo kompyuta inaigiza chembe moja moja. Profesa wake wa Goma alisema majibu yafike Jumatatu, la sivyo nafasi yake chuoni anapewa mwingine. Vita si sababu, alisema. Mtu anayelala usingizi mzima!

Tukaanza upya, kwa betri ya gari na paneli ya jua ya dukani. Ijumaa risasi zikalia tena. Safari hii hakuna aliyechomoa kitu. Nilifunga betri mgongoni kama mtoto mchanga, Kétsia akakumbatia kompyuta, waya katikati yetu, tukashika njia ya Masisi kuelekea Goma, mguu kwa mguu. Mmoja akijikwaa, kazi imekufa.

Kwenye bariera, pale wanapofunga njia, mwenye bunduki akanyoosha kidole. "Leta ile machine."

"Ngoja imalize," Kétsia alisema. "Ikizimika sasa, utabeba chuma tu."

"Unajua unasema na nani?"

"Najua. Ngoja."

Mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. "Kama unapenda kupiga, unipige miye. Ile waya usiiguse."

Akacheka, akaketi juu ya gogo. "Sigara moja. Ikiisha, inatosha."

Sigara ikaisha. Mstari wa gesi kwenye kioo cha kompyuta bado ulikuwa unapanda.

"Vuta ingine," Kétsia akamwambia.

Akavuta nyingine. Katikati ya moshi mstari ukalala, hesabu ikatimia. Karatasi zetu zilibaki dukani, hivyo Kétsia akaandika nambari zote kwa kalamu ya bic kwenye mkono wangu, kutoka kiganjani hadi begani. Kisha akachomoa waya mwenyewe.

"Sasa chukua."

Siku tatu mkono ule haukugusa maji. Jumatatu, kule Goma, profesa alipofungua mlango, sikumsalimu. Nilipandisha blauzi hadi begani.

"Shika bic, Profesa," nikamwambia. "Andika."